Kurudishia vidole na mikono iliyokatika: Tabora na Kigoma tuanzie wapi?

MTU WA ISEVYA (mleta uzi)

Mwangaluka wakuu, na ndugu zangu wa Kigoma mwakeye. Uzi ni mrefu, naomba msome mpaka chini maana hili jambo linaniuma na nadhani linazungumzika.

Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, niko huku kanda ya magharibi. Mnajua kazi za kwetu, panga shambani na porini kwa watu wa tumbaku na asali, mashine za mbao, mashine za kukoboa na kusaga, mashine za kukamua mawese upande wa Kigoma, minyororo ya pikipiki, injini za boti ziwani. Zote hizo zinakula vidole. Mtu analetwa anavuja damu, ndugu yake yuko nyuma kashika kidole kakifunga kwenye kipande cha kitenge, anauliza "sista, hiki hakirudi?" Na tunachofanya karibu siku zote ni kile kile, tunasafisha, tunafupisha mfupa kidogo, tunafunga ngozi juu ya kigutu, nyuzi zikitolewa anaenda zake. Unakuta ni kijana, fundi, ana familia, na kilichokwenda ni gumba. Mkono usio na gumba haushiki nyundo wala jembe, hata kufunga kifungo cha shati ni shughuli.

Hii sio teknolojia ya jana. Mwaka 1962 kule Boston, Marekani, mtoto wa miaka 12 anaitwa Everett Knowles alidandia treni ya mizigo mkono ukakatika karibu na bega, timu ya daktari Ronald Malt ikaurudishia. Mwaka uliofuata, 1963, Chen Zhongwei na wenzake Shanghai wakarudishia mkono wa mfanyakazi wa kiwandani uliokatwa na mashine, na China ya wakati ule haikuwa nchi ya kitajiri. Mwaka 1965 Wajapani wawili, Komatsu na Tamai, wakarudishia kidole gumba kilichokatika kabisa, kazi ya kuunganisha mishipa ya damu yenye upana wa kama milimita moja. Yani ni zaidi ya miaka 60 sasa.

Shida kubwa ya hii kazi ni muda. Kidole hakina misuli kwahiyo kinavumilia, kikikaa kwenye joto la kawaida kinaweza kuokolewa ndani ya saa 12 hivi, kikiwekwa baridi inavyotakiwa inafika saa 24. Mkono mzima ni habari nyingine, una misuli, na misuli ikikosa damu inaanza kufa mapema, saa 6 tu kwenye joto, labda 12 kwenye baridi. Sasa chukua ramani. Mtu kaumia Kaliua ndani huko, au Kakonko, au vijiji vya mwambao kusini mwa Kigoma ambako usafiri ni boti. Mpaka afike zahanati, aandikiwe rufaa, gari lipatikane, aende hospitali ya Bugando Mwanza au taasisi ya mifupa MOI Dar, saa zake zimeisha njiani. Hata tukisema huko mbele wapo madaktari wa kuweza, kwa mtu wa huku ni kama hawapo.

Hoja yangu ni hii, huduma ya kurudishia viungo isisubiri siku hospitali ya mkoa ikipata mashine kubwa. Inaanzia pale mtu alipokatikia, inapita zahanati, inapita barabarani, ndo inafika kwa mshonaji. Tukinunua hadubini ya upasuaji leo bila hivyo vingine itakaa kwenye nailoni yake mpaka izeeke. Naomba maoni, madaktari mlioko humu, mafundi, wenye mashine, wa wizarani, karibuni.

SEREMALA GUNGU

Mkuu umegusa penyewe. Mimi nina karakana Kigoma mjini, randa ya umeme na msumeno wa duara ndo kazi zetu kila siku na mbao zetu nyingi ni mninga, mti mgumu ule, ukikutana na fundo mbao inaruka mkono unaenda kwenye meno. Nimeshuhudia kijana wa karakana ya jirani vidole viwili vikaenda, watu wakachanganyikiwa, mmoja akachukua vile vidole akavitumbukiza kwenye chupa ya spiriti akiamini anaua wadudu. Walipofika hospitali wakaambiwa basi tena. Na hakuna aliyewahi kutufundisha hiki kitu, tunaambiwa tuvae miwani na buti lakini kidole kikianguka chini kwenye maranda tufanyeje hakuna anayesema. Hebu mwaga maelekezo hapa nikayabandike ukutani.

MTU WA ISEVYA

Asante fundi, na poleni. Andika hivi kwa herufi kubwa:

Mtu kwanza, kidole baadaye. Zima mashine, kandamiza jeraha kwa kitambaa safi kwa nguvu, usifunue funue kuangalia, inua mkono juu ya usawa wa moyo. Damu ya kidole karibu mara zote inasimama kwa kukandamiza. Kufunga kamba juu ya mkono ni kwa mkono mzima uliokatika au damu inayoruka isiyozuilika, na ukifunga andika saa uliyofunga.

Kipande kitafuteni chote, hata kama mnaona kimechakaa leteni, kuamua kama kinafaa ni kazi ya daktari, na hata kisiporudi ngozi yake inaweza kutumika. Kama kina vumbi kimwagie maji safi juu juu, usikisugue wala usikipake dawa. Kisiguse spiriti, dettol, mafuta ya taa, majivu. Kifunge na gozi au kitambaa safi kilicholowekwa kidogo kwa maji ya dripu kisha kikakamuliwa, kiwe na unyevu bila kuogelea. Kiingize kwenye mfuko mkavu wa plastiki ufunge usiingie maji, mkikosa mfuko hata glovu safi ya hospitali inafaa, unaifunga fundo. Huo mfuko ndo unauweka kwenye chombo chenye maji na vipande vya barafu. Kidole kisigusane na barafu moja kwa moja, kinaungua kwa baridi na mishipa inaharibika. Kinachotafutwa ni ubaridi wa friji, nyuzi kama 4 hivi, kisigande.

Mgonjwa asile wala asinywe maana huenda akalazwa usingizi. Pete na saa zivuliwe mkono ule kabla haujavimba. Halafu jamani kama ni ajali ya kazini au ugomvi, habari ya PF3, ile fomu ya polisi, mtu mwingine aifuatilie wakati majeruhi yuko njiani kwenda hospitali. Saa mbili za kukaa benchi kituoni ni saa mbili za kidole.

Alafu kuna kitu tunacho na hatukitumii. Kila zahanati inayochanja watoto ina lile boksi la kubebea chanjo na vile vipande vyake vya barafu. Wahudumu wa chanjo tayari wanajua kwamba barafu ikitoka kwenye friza inaachwa nje kwanza mpaka ukiitikisa usikie maji yanacheza ndani, ndo unaipanga, ili chanjo isigande. Kidole kinataka matunzo yale yale kabisa. Boksi moja la zamani kila zahanati libaki kwa kazi hii, na karatasi ya maelekezo juu ya mfuniko. Hapo serikali haijatoa hela yoyote ya maana na tayari tumeongeza saa.

MGEBUKA

Barafu msituambie sisi wa Kibirizi hahaha, barafu tunalala nayo, bila barafu mgebuka haufiki kokote. Mtu akikatwa na propela pale mwaloni barafu ipo ndani ya dakika mbili, kisichokuwepo ni hiyo elimu. Nitaongea na viongozi wa mwalo tuweke hilo tangazo kwenye mabanda.

Ila mleta uzi nina neno na wewe. Naona uzi wako unanyemelea kusema kituo kiwe Tabora kwa sababu reli zinakutana hapo. Wa Kigoma tumechoka kuambiwa kila kitu kipo Tabora, Mwanza, Dodoma. Sisi ndo tuko mbali kuliko wote. Kigoma mpaka Tabora kwa reli ni kama kilomita 400, Mwanza kwa basi ni siku nzima. Mtu wa Tabora akikosa hospitali yao ya mkoa, Kitete, anaweza kukimbizwa Mwanza kupitia Nzega na Shinyanga akafika bado mapema. Wa Kigoma akikosa Maweni, hospitali yetu ya mkoa, amekosa. Kwahiyo kama ni kuweka huduma iwekwe Maweni.

MHASIBU WA KATA

Naheshimu mada lakini tuwe wakweli. Mimi niko upande wa fedha za afya ngazi ya halmashauri, naona maombi ya vituo kila robo mwaka. Kuna vituo gozi zinaisha kabla ya mwezi, vituo jenereta halina mafuta, akina mama wanahitaji damu. Halafu tuje na upasuaji unaochukua saa nane au kumi kwa kidole kimoja? Chumba cha upasuaji kikikaliwa usiku kucha na fundi mmoja, mama mwenye uchungu pingamizi anaenda wapi? Na nani analipa, maana hawa mafundi na wavuvi wengi hawana bima. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipita mwaka 2023, lakini kupita kwa sheria na mtu kuwa na kadi mfukoni ni mambo mawili. Sipingi, nauliza.

DOKTA KIJANA

Habari wakuu. Mimi ni daktari, nipo kwenye mafunzo ya upasuaji kanda ya ziwa, kwetu ni Urambo. Nitajibu kwa urefu maana Mhasibu kauliza swali la haki.

Kwanza sio kila kilichokatika kinarudishwa, na anayetaka kurudishia kila kitu atawaumiza wagonjwa. Tunaopigania kwa nguvu zote ni gumba, vidole vingi kwa pamoja, mkono uliokatika kiganjani au kwenye kifundo, na mtoto, mtoto karibu kila kitu kinajaribiwa kwa sababu anapona vizuri kuliko mtu mzima. Kidole kimoja cha mtu mzima kilichokatika chini karibu na kiganja, mara nyingi ukikirudishia kinapona kigumu, hakikunji, kinamsumbua kwenye kazi mpaka anakuja kuomba kiondolewe. Huyo ukimfunga kigutu vizuri anarudi kazini mapema na mkono wake una nguvu. Kilichosagwa na mashine au kukatika sehemu mbili tatu, hapana. Mgonjwa mwenye majeraha mengine ya kutishia uhai, hapana, maisha kwanza. Kwahiyo Mhasibu, hatuongelei watu wengi kila wiki, tunaongelea wachache wanaochaguliwa vizuri.

Pili jinsi kazi inavyokwenda, ili watu waelewe kwanini ni ndefu. Wakati mgonjwa anaandaliwa, mtu mmoja tayari yuko mezani na kile kipande, anakisafisha, anatafuta ateri (mshipa unaoleta damu), vena (unaoirudisha) na neva (mshipa wa fahamu) moja moja na kuzitia alama, kwahiyo mnahitaji timu mbili sio moja. Ganzi ya kuchoma bega inatosha mara nyingi, mkono wote unalala na mishipa inatanuka, ambayo ni faida. Halafu mfupa unafupishwa milimita kadhaa ili mishipa ikutane bila kuvutana, unashikizwa na waya za chuma. Kano ya nyuma, kano za mbele, ateri, neva, vena, ngozi mwisho tena bila kuibana. Vidole viwili vitatu inaweza kwenda usiku mzima ndo maana mshonaji anapokezana na mwenzake, macho yakichoka mshono unaharibika.

Uzi unaotumika ni 10-0, ni mwembamba kuliko unywele, ukidondoka kwenye shuka la kijani huuoni mpaka urudishe macho kwenye hadubini. Ateri ya kidole inapata mishono kama sita mpaka minane kuizunguka. Sindano inaingia nje kwenda ndani upande mmoja, ndani kwenda nje upande wa pili, na ukikosea ukashika ukuta wa nyuma pamoja na wa mbele umeshaziba mshipa, damu haitapita hata ungeomba. Unaachia vibanio, unasubiri, kidole kilichokuwa cheupe kama nta kinaanza kupata wekundu kuanzia chini.

Na mkono huo hupatikani kwa semina ya siku tatu ya hotelini. Unapatikana kwa kurudia rudia, na habari njema ni kwamba unaanza na paja la kuku. Ukitenganisha nyama taratibu pembeni ya mfupa unakuta ateri, vena na neva zimelala pamoja, ukubwa wake unakaribiana na wa mkononi kwa binadamu. Unakata, unaunganisha, unapitisha maji kwa sindano butu kuona kama yanapita na wapi yanavuja, kisha unapasua mshipa kwa urefu kuangalia mishono yako kwa ndani, hapo ndo utajua ukweli wako. Paja moja linatosha mazoezi ya jioni nzima. Baada ya hapo mtu aende kwa waliobobea akakae nao miezi, aguse wagonjwa halisi chini ya usimamizi. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha kanda yetu, COSECSA, makao yake yako Arusha hapa hapa, njia za mafunzo zipo.

Tatu hadubini. Kabla ya kuandika maombi ya kununua, ulizeni idara ya macho. Hospitali inayotoa mtoto wa jicho kwa hadubini tayari ina hadubini ya upasuaji, na uzi wa 10-0 wanaujua vizuri sana hao. Wao wanaitumia mchana, ajali zetu nyingi zinafika jioni na usiku. Sio kifaa kamilifu kwa kazi ya mkono kwa sababu mshonaji na msaidizi mnatakiwa wote muone, lakini ni mwanzo. Na miwani ya kukuza, zile luupu za kuvaa kichwani, inatosha kwa mishipa mikubwa ya kifundo na mkono.

Nne, hapa ndo jibu la Mhasibu. Usinunue hivi vifaa kwa ajili ya vidole tu, haitalipa kweli. Mikono ile ile na vifaa vile vile vinashona neva na kano za mtu aliyekatwa panga kifundoni, hao ni wengi kuliko waliokatika kabisa na wengi wanabaki na mikono iliyopinda kwa kukosa mshonaji siku ya kwanza. Vinahamisha nyama na ngozi kufunika mguu wa bodaboda uliovunjika mfupa ukabaki nje. Vinanyoosha makovu ya moto kwa watoto. Mgonjwa wa figo anahitaji kuunganishiwa ateri na vena mkononi ili asafishwe damu, ni ushonaji wa ukoo mmoja. Kwahiyo anzisheni huduma ya mkono na majeraha, kurudishia kiungo kiwe tunda lake. Na timu itakuwa na mazoezi kila wiki, bila kukaa ikisubiri ajali moja ya kidole kwa mwezi na mikono ishasahau.

MGEBUKA

Dokta umeshusha nondo. Swali la haraka, mkono mzima je? Mbona umeusema kidogo.

DOKTA KIJANA

Kwa sababu ni hatari zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mkono uliokatika juu una misuli mingi. Ukiunganisha umechelewa, damu ikirudi inazoa tindikali na potasiamu ya ile misuli iliyoanza kufa na kuipeleka kwenye moyo na figo, unaweza kumpoteza mtu mezani kwa sababu ya kuokoa mkono wake. Unahitaji damu ya kutosha benki, unahitaji kupitisha damu kwa mrija wa muda kabla hata ya kushika mfupa, kupasua mifuko ya misuli isibane, na wodi ya uangalizi maalumu baada ya hapo. Hilo lisianze siku ya kwanza mahali popote. Kidole kinasamehe, kilichotunzwa baridi vizuri kinaweza hata kusubiri alfajiri timu ikiwa imelala, mkono hausubiri.

MWENYE MASHINE

Nina mashine ya mawese, siitaji kijiji. Kwetu vidole havikatwi, vinang'olewa. Mkanda unashika shati au glovu, mkono unafuata, kidole kinatoka na kano yake ndefu inaning'inia kama mzizi. Dokta hivyo navyo vinarudi?

Alafu niwaambie wenzangu wenye mashine, kifuniko cha mkanda tunakiondoa kwa sababu kinachelewesha kazi, tunakitupa nyuma ya banda. Kirudisheni. Na vijana wenu muwaandikishe Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, upo kwa sheria ya mwaka 2008, mwajiri ndo anachangia na kijana akiumia kazini matibabu yake yanagharamiwa na mfuko. Wengi tunawaita vibarua miaka nenda rudi ili tusiwaandikishe. Mhasibu kauliza nani atalipa, sehemu ya jibu iko kwetu sisi waajiri.

DOKTA KIJANA

Vilivyong'olewa ni vigumu mzee wangu, mshipa umevutwa ukachanika ndani kwa urefu, unaushona pale lakini unaziba mbele. Inabidi ukate mpaka ufike kwenye mshipa mzima halafu uzibe pengo kwa kipande cha vena kutoka mkononi. Gumba tunajaribu. Vingine mara nyingi hapana. Hilo la kifuniko nakuunga mkono kwa mikono miwili.

FIZIO NZEGA

Naona wote mnaongelea mezani. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, naomba mnisikilize na mimi. Kidole kilichorudi kikawa hai bila mazoezi ni pambo. Inatakiwa mgonjwa akitoka mezani tayari ana gango la plasta linaloweka mkono kwenye mkao sahihi, mazoezi yanaanza mapema kwa ratiba ya makubaliano na mshonaji, maana ukiwahi kupita kiasi kano inakatika na ukichelewa inaganda. Neva inaota kama milimita moja kwa siku, kwahiyo mtu aliyekatika kifundoni atahesabu miezi mingi mpaka ahisi ncha za vidole, na katikati hapo ataungua kwenye sufuria bila kujua, anatakiwa kufundishwa kuangalia mkono wake kwa macho. Sasa huyu mtu anaishi Ulyankulu au Uvinza, nauli ya kurudi kliniki kila wiki hana, mwezi wa pili anapotea. Mpango wowote usio na fizio kwenye hospitali ya wilaya iliyo karibu naye utaleta vidole vilivyokauka. Mtufundishe sisi wa wilayani, tuko tayari.

MWANA WA UJIJI

Nilisikia Ulaya wanaweka ruba kwenye kidole ili anyonye damu, ni kweli au hadithi? Huku mabondeni ruba tunao wa kumwaga.

MTU WA ISEVYA

Ni kweli kabisa ila wa mabondeni acha huko huko. Kidole kikirudishwa ateri inaleta damu lakini vena nyembamba zinaweza kuziba, kinajaa, kinakuwa cha zambarau. Ruba anainyonya ile damu na mate yake yana kitu kinachozuia damu kuganda. Wanaotumika hospitali wanafugwa maalumu, na hata hao tumboni wana bakteria kwahiyo mgonjwa anawekwa kwenye antibiotiki. Bila ruba kuna njia nyingine, kucha inaondolewa na pale panadondoshewa heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, damu itoke polepole, ni kazi ya wodi usiku na mchana na wakati mwingine mgonjwa anaongezewa damu.

Na hapo nimefika kwenye sehemu yangu. Baada ya upasuaji anayeokoa kidole ni muuguzi wa zamu. Kila saa kwa siku mbili za kwanza unaangalia rangi, unagusa joto, unabonyeza ncha na kuachia kuona wekundu unarudi kwa sekunde ngapi, kawaida ni kama mbili. Kikiwa cheupe na baridi, ateri ina shida. Kikiwa kimevimba, zambarau, ukibonyeza kinarudi chap, ni vena. Hapo humsubiri daktari wa raundi ya asubuhi, unapiga simu saa hiyo hiyo maana kina saa chache za kurudishwa mezani. Chumba kiwe na joto, feni na kiyoyozi zima, joto la Tabora la mwezi wa kumi kwa hili linatusaidia. Sigara hapana kabisa, ya mgonjwa wala ya anayekuja kumuona, nikotini inabana mishipa, na kahawa pia anaambiwa aiache kwanza. Wodi nyingi muuguzi mmoja ana wagonjwa kibao usiku, hawezi kuangalia kidole kila saa. Kwahiyo kwenye bajeti, kabla ya kifaa chochote, niwekeeni muuguzi wa ziada wa zamu ya usiku na vitanda viwili vilivyotengwa.

MHASIBU WA KATA

Sawa, hii ya kuunganisha na majeraha mengine imenigeuza kidogo. Ikija kama andiko la huduma ya mkono na majeraha ya ajali naweza kulitetea kwenye kikao, ikija kama andiko la hadubini litakufa. Ila usafiri bado hamjagusa. Gari la wagonjwa la halmashauri likienda Mwanza limeondoka kwa siku mbili.

MTU WA ISEVYA

Usafiri tusianze upya. Kuna m-mama, mama mjamzito na mtoto mchanga wakipata dharura mtu anapiga 115 bure, kuna mtu anapokea, anajua gari gani liko wapi, na pale ambapo hakuna gari la wagonjwa dereva wa kijamii aliyesajiliwa anachukua na analipwa. Siombi tuingize vidole kwenye namba ya akina mama, ila utaratibu ule ule unaigika, mtu mmoja wa kupokea simu usiku na orodha ya madereva. Na cha muhimu kuliko gari, zahanati imtumie picha mshonaji kabla mgonjwa hajaondoka, ya jeraha na ya kipande, bila sura ya mtu na kwa idhini yake. Wengi atasema "mfunge hapo hapo, hakirudi", familia inaepuka safari ya bure na kuuza mbuzi. Wachache atasema "mleteni sasa hivi", na timu inaanza kujiandaa hajafika.

Kuhusu Tabora au Kigoma, Mgebuka umenishinda nusu. Nilivyokuwa nafikiri ni kwamba timu ya kushona mishipa lazima iwe moja, ukiigawa mara mbili hakuna atakayepata kazi ya kutosha kubaki na mkono mwepesi, na Tabora inafikika na watu wa Katavi, Nzega, Igunga, Kaliua. Hapo bado nasimama. Lakini Maweni isibaki kituo cha kupitia tu. Pale wawepo wenye luupu wanaoweza kushona neva, kano na mishipa ya kifundo, maana mtu aliyekatwa ateri ya mkono bila kukatika kabisa hawezi kusubiri Tabora. Vidole vilivyotunzwa baridi vina saa za kutosha kufika. Mkono mzima wa Kigoma, kwa sasa, sina jibu zuri na sitaki kudanganya watu.

MGEBUKA

Nimekuelewa mkuu, ila hilo la mkono mzima tutaendelea kulidai.

DOKTA KIJANA

Mdai, ni haki yenu. Mimi nikimaliza nataka kurudi huku, na nimeshaanza na mapaja ya kuku, jioni nyingi nipo nayo. Nikipata mwenzangu mmoja wa Tabora au Kigoma aliyeko kazini anayetaka kujifunza anifuate inbox, na kama kuna mtu wa idara ya macho humu ndani tafadhali sana naye aje.

SEREMALA GUNGU

Tangazo nimeshaliandika kwenye plaiwudi kwa rangi nyekundu, kesho linapanda ukutani. Swali la mwisho kabla sijalikausha, kama kidole hakijatoka chote, kimeshikwa na ngozi tu kinaning'inia, tukimalizie kukata ili kiingie kwenye mfuko?

MTU WA ISEVYA

Hapana fundi, usikate hata kidogo! Hiyo ngozi ndogo inaweza kuwa na vena ndani yake na hiyo vena moja ndo inaweza kukiokoa. Kirudishe taratibu kwenye mkao wake bila kukisokota, funika na kitambaa safi chenye unyevu, weka kibao chembamba chini ya mkono wote ufunge bandeji isiyobana, mfuko wa barafu uliofungwa kwenye taulo unaweza kukaa pembeni juu ya bandeji, sio kwenye ngozi. Liandike na hilo kwenye plaiwudi.